Harusi ya haraka Cancún: tangulizeni karatasi na wazee, hoteli ifuate

Mdogo wangu, hongera sana. Umesema wewe na mchumba wako mko Dallas, mmechoka kusogeza tarehe, mnataka kufunga ndoa Cancún, Mexico, kabla miezi miwili haijaisha, na hujui uanzie wapi. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo hivyo tukitokea Houston, kwa uamuzi wa haraka, pwani hiyo hiyo ya jimbo la Quintana Roo. Inawezekana, tena vizuri kabisa. Wanaokwambia miezi miwili haitoshi wanawaza ukumbi, mapambo na chakula, na kwa Mexico hayo ndiyo mepesi kuliko yote. Hoteli kubwa za pale zinafanya harusi wiki nzima. Viti, maua, keki na mpiga picha wanavyo tayari. Kinachokula muda ni karatasi, na watu wa nyumbani.

Nianze na karatasi. Mexico inatambua ndoa ya kiserikali tu, ile inayofungwa mbele ya ofisa wa Registro Civil, yaani ofisi ya serikali ya usajili. Ni hivyo tangu 1859, serikali ya Benito Juárez ilipoitoa ndoa mikononi mwa kanisa. Padri, mchungaji au shehe akiwafungisha pale ufukweni, kwa sheria ya Mexico bado hamjaoana. Mgeni anaruhusiwa kufunga ya kiserikali, ila andaa pasipoti, hati ya kuingilia nchini, vyeti vya kuzaliwa vyenye apostili (muhuri wa kuthibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine) na vilivyotafsiriwa Kihispania na mtafsiri anayetambuliwa huko, mashahidi (mara nyingi wanne), na katika baadhi ya majimbo vipimo vya damu vinavyofanyika huko huko. Aliyewahi kuwa na ndoa analeta na hati ya talaka, nayo iwe na apostili. Masharti hubadilika jimbo kwa jimbo, hivyo usichukue ya rafiki aliyefunga Puerto Vallarta, iliyo jimbo jingine, ukayapeleka Cancún.

Sasa chukua cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania. Apostili ni muhuri wa nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, na sisi tulipoulizia, Tanzania haikuwamo. Maana yake cheti kinaanzia Wizara ya Mambo ya Nje, kinaendelea ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi, ambao ndio unaohudumia na Tanzania, kisha kinarudi kwako na bado hakijatafsiriwa. Hapo miezi yako miwili imekwisha na hujachagua hata shela.

Ushauri wangu, na ndivyo tulivyofanya: fungeni ndoa ya kisheria hapo hapo Texas, Mexico mkafanye ibada na sherehe. Nendeni wote wawili kwa karani wa kaunti na vitambulisho, chukueni leseni ya ndoa, subirini saa 72 zinazotakiwa na sheria ya Texas, kisha mna muda mpaka leseni ifikishe siku 90. Mnaweza kufungishwa na hakimu au na mchungaji wenu. Cheti mtakachopata ni cha Kiingereza, kimesajiliwa kaunti, na ukitaka kubadilisha jina au kumwombea mwenzako ukaazi hakuna wa kukudai tafsiri. Ndoa ya Registro Civil nayo inakubalika Marekani, sikatai, ila utasubiri nakala yake iwekwe apostili huku umeshapanda ndege kurudi.

Hapa nakuomba usome taratibu. Hukusema mna hadhi gani ya uhamiaji, na usiiandike hapa mbele ya watu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani, au viza ya Marekani ambayo bado hai, anaingia Mexico kutembea bila viza ya Mexico hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania au Kenya. Shida iko kwenye kurudi. Kama mmoja wenu ana maombi ya ukaazi au ya hifadhi ambayo hayajajibiwa, akitoka bila kibali cha kusafiri anaweza kuyapoteza yote, au kubaki upande wa pili wa mpaka. Na kama mmoja anaombewa viza ya mchumba, hata ibada isiyo na nguvu ya kisheria inaweza kumfanya ofisa wa ubalozi aamini mmeshaoana. Lipeni mwanasheria wa uhamiaji saa moja kabla hamjalipia chumba. Pesa hiyo usiionee uchungu.

Upande wa dini, kila mmoja amuulize kiongozi wake mapema. Mkatoliki asidhani ibada ya ufukweni itahesabika kanisani. Aongee na paroko wake kwanza. Waislamu ninaowafahamu walifunga nikah msikitini huku huku, baba akiwa Tanga na amemweka wakili wa kumwozesha binti yake, Mexico ikawa walima na matembezi. Sisi ni Walutheri, mchungaji wa ushirika wetu wa Kiswahili wa Houston alisafiri nasi.

Wazee sasa, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana kwenye swali lako hukuwataja hata mara moja. Haraka yenu isiwafikie kama taarifa. Kabla ya mtu yeyote kuona picha ya hoteli kwenye kundi la WhatsApp, posa iwe imepelekwa na mahari imezungumzwa. Mume wangu ni Mkamba wa Machakos, mimi wa Machame. Wajomba zake walivuka Namanga wakaja nyumbani kwetu, wakakaa na baba zangu wadogo, wakaelewana, mbege ikanywewa. Sisi tulikuwa Houston tunasubiri simu. Baada ya hapo tulipotaja Mexico hakuna aliyetuita watoro. Walisema tu, kafungeni, mkija Desemba tutawapokea kwa sherehe yetu. Ukiruka hatua hiyo, hata harusi ikipendeza vipi, mama yako ataulizwa kanisani kila Jumapili mtoto wake aliolewa lini, naye hatakuwa na la kujibu. Simtakii mama yeyote hali hiyo.

Uwaambie ukweli pia kwamba pengine hawatafika. Mzazi aliye Moshi au Mwanza asiye na viza ya Marekani, Uingereza, Kanada, Japani au Schengen anatakiwa aombe viza ya Mexico, na ombi lake linapitia Nairobi. Akipitishwa Marekani kubadilisha ndege, anahitaji viza ya Marekani hata kama hatoki nje ya uwanja. Ndugu mwenye pasipoti ya Kongo akipita Paris au Brussels naye atadaiwa viza ya kupita uwanjani. Kwa wiki nane ni bora kusema mapema kuliko kumwacha mzee anashona suti.

Ndiyo maana nakusihi: fungeni asubuhi, ili wazee wawafuatilie kwa simu kutoka nyumbani. Cancún iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa nane mwaka mzima, jimbo lile halibadilishi saa. Hoteli watakusukumia saa kumi na moja jioni kwa sababu ya machweo na picha, na muda huo nyumbani ni saa saba usiku. Sisi tulikataa, tukachukua saa tatu asubuhi, na Machame ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sebule ya mama ilijaa, shangazi wamevaa vitenge vya sare, binamu yangu ameunganisha simu na runinga. Tulimwomba fundi wa muziki mapema atupe waya wa kuunganisha simu yetu na spika, maana upepo wa ufukweni unameza sauti ya simu yote. Zamu ya wazazi ilipofika mama alianza kwa kumwagiza mpiga picha asogee kulia, anamziba mkwe wake. Halafu akaomba. Aliomba kwa Kichaga na Kiswahili, kwa sauti iliyojaa pale ufukweni, na shangazi wakapiga vigelegele vikasikika mpaka kwenye bwawa la kuogelea. Hakuna kitu kingine cha siku ile ambacho ningekubali kukibadilisha na hicho. Asubuhi jua halijawa kali, na ufukwe bado hauna watu wengi.

Kuhusu majira, msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti mpaka Oktoba ndiyo kipindi kibaya zaidi. Kimbunga Wilma kilikipiga kisiwa cha Cozumel na Cancún Oktoba 2005. Mkiangukia humo, nunueni bima ya safari mara tu mkilipia, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina bima mpya haikifidii. Kuna na mwani. Si huu wetu unaolimwa Paje na Jambiani, ni wa kahawia unaoelea kutoka baharini na kurundikana fukwe za Karibi, hasa kati ya Aprili na Agosti, na ukioza unanuka. Kama tarehe yenu iko humo, angalieni Playa Norte ya Isla Mujeres au upande wa magharibi wa Cozumel, ambako hauingii kwa wingi. Na Machi epukeni wiki za likizo za vyuo vya Marekani, mtagombania hata lifti.

Mkataba wa hoteli usomeni kabla ya kulipa. Ulizeni mkihifadhi vyumba kumi na wageni wakajaza sita, vinne analipa nani. Ulizeni ada ya kuleta mpiga picha au DJ kutoka nje. Hoteli moja tuliyoulizia ilitaka ada ambayo ingetosha kumlipa DJ mwenyewe, tukaachana nayo. Ukumbi wa ndani mvua ikinyesha uandikwe kwenye mkataba, kwa jina la ukumbi. Siku za katikati ya wiki ni nafuu, na kwa harusi ya haraka ndizo zinazokuwa wazi. Msijipeleke kwenye ufukwe wowote na viti vyenu mkidhani ni bure: fukwe za Mexico ni mali ya taifa na kila mtu anapita, lakini kuweka shughuli pale kunahitaji kibali, na hoteli ndizo zinazojua njia yake.

Chakula, waombeni cha huko. Samaki wa tikin xic anapakwa achiote (kiungo chekundu cha mbegu) na maji ya machungwa machachu, anafungwa kwenye jani la mgomba na kuchomwa; wageni wetu wa Mombasa walimmaliza. Cochinita pibil ni tamu sana, ila ni nguruwe, wageni Waislamu waambiwe mapema. Badala ya soda tuliweka agua de jamaica, ambayo ni rozela ile ile tunayoijua, ya baridi.

Michango msichangishe. Mtu amelipa tiketi na chumba, huwezi kumtumia kadi tena. Sisi tuliandika hivi: "Ukifika, hiyo ndiyo zawadi yetu, asiyeweza kufika tutamwona Machame Desemba." Hakuna aliyenuna. Kamati nayo msiunde. Wekeni mtu mmoja wa kuwasiliana na nyumbani, wewe na mwenzako muongee na mratibu wa hoteli, basi. Shela na suti pandeni nazo ndani ya ndege, zisiingie kwenye mizigo ya chini.

Wiki hii fanya mawili: mpigie baba yako kuhusu posa, na panga miadi na mwanasheria. Hoteli iache mpaka wiki ijayo. Ukishapata tarehe iandike hapa hapa chini, nikutumie orodha ya maswali tuliyomuuliza mratibu wetu.