Dakika Nane Mbele ya Walimu

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia picha ya skrini yake na maneno machache: "Kaka, nimeichukua skrini kwa BitBlt nikaichora ndani ya dirisha langu. Sasa ndani ya dirisha kuna dirisha, na ndani yake lingine, hayaishi. Nimekosea wapi?" BitBlt ni amri ya Windows ya kunakili picha, na kosa lake nililiona palepale. Usingizi ndio uliogoma, maana swali lile limegusa kidonda nilichodhani kimepona.

Miaka minne iliyopita chuo kimoja kiliniomba programu ndogo. Mwalimu anafundisha akiwaelekea wanafunzi, projekta ni skrini ya pili na inamulika ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo kila baada ya muda anageuza shingo aone wanafunzi wanaona nini. Walitaka kidirisha kwenye laptopu kinachoonyesha yaliyo ukutani, muda huohuo. Nikawaahidi wiki mbili. Nilikuwa na njaa ya jina, kama wengi wenu mnaonisoma.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaazima DC ya skrini (DC ni kama turubai ambayo Windows inakupa uchoree) kwa GetDC, unaunda DC ya kumbukumbu kwa CreateCompatibleDC, unaunda bitimapu, yaani picha tupu ya kupokea nakala, na kuipachika kwa SelectObject, unanakili, kisha dirisha likipata WM_PAINT, ujumbe wa Windows wa kuliambia lijichore, unachora. Mimi nilihitaji picha ndogo, nikatumia StretchBlt, inayonakili huku ikibadilisha ukubwa. Herufi zikatoka zimemeguka hadi nilipoiweka SetStretchBltMode kwenye HALFTONE. Picha ikawa inapepesa, kwa sababu Windows ilikuwa inapaka rangi ya nyuma kila kabla sijachora. Nikajibu WM_ERASEBKGND, ujumbe wa kufuta nyuma, kwa kurudisha 1, ikatulia. Taima inapiga kama mara 20 kwa sekunde, kishale cha kuandikia kinatembea ndani ya kidirisha changu, nami nikajiona fundi kamili.

Siku ya kuonyesha walikuwepo walimu tisa. Dakika za mwanzo zilikuwa tamu, mmoja hata alipiga makofi. Dakika ya nane ilipopita kidogo, kidirisha kikawa cheupe. Nikabofya menyu, maandishi hayapo. Nikabofya tena. Ukumbi ukanyamaza, mkuu wa idara akafunga daftari lake taratibu, akasema, "Asante kijana, tutakupigia." Simu hiyo sijaipata mpaka leo. Nilirudi nyumbani kwa basi la jioni nikiwa nimekumbatia laptopu, sikumwambia mtu.

Usiku ule nilisoma msimbo wangu mstari kwa mstari. Bitimapu nilikuwa naifuta. DC ya skrini nilikuwa nairudisha kwa ReleaseDC. Ile DC ya kumbukumbu, niliyoiunda kila taima ilipopiga, sikuwahi kuifuta kwa DeleteDC hata mara moja. Windows kwa kawaida huruhusu programu moja kushika vitu vya GDI (vifaa vya kuchorea, kama DC na bitimapu) 10,000 tu. Gawanya kwa 20: sekunde 500. Zaidi kidogo ya dakika nane! Nyumbani nilikuwa najaribu dakika mbili, naona inafanya kazi, nazima.

Ndugu zangu, dawa ya deni kulipa. Ulichoazima kwa GetDC kirudishe kwa ReleaseDC. Ulichounda kifute. Kabla ya kuifuta bitimapu, itoe kwanza kwenye DC kwa kurudisha ile ya zamani, kwa sababu ikiwa bado imepachikwa DeleteObject itashindwa na wewe hutajua. Fungua Task Manager, washa safu ya vitu vya GDI, uache programu ifanye kazi saa nzima wakati unakula. Namba ikizidi kupanda, usiende mbele ya watu. Narudia: usiende.

Kuna mengine mawili yaliyonila siku nyingi. Skrini ya pili ikiwekwa kushoto, X yake ni hasi, kwa hiyo usianzie sifuri. Na skrini ya 1920 kwa 1080 ikikuzwa kwa 125%, programu isiyotangaza kwamba inaelewa DPI, yaani ukuzaji huo wa skrini, huambiwa ni 1536 kwa 864, nawe unapata picha iliyokatwa pembeni.

Programu ile niliikamilisha. Kituo kingine cha mafunzo kinaitumia tangu mwaka juzi, vipindi vya saa mbili, na haijawahi kuwa nyeupe.

Kijana wangu wa juzi nilimjibu saa saba usiku: unachukua skrini ileile ambayo dirisha lako limekaa, ndiyo maana kila picha inabeba picha iliyotangulia. Lihamishie dirisha kwenye skrini nyingine, au kama una Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea, tumia SetWindowDisplayAffinity na WDA_EXCLUDEFROMCAPTURE, ili Windows isiliweke dirisha lako kwenye picha inayochukuliwa. Asubuhi akanitumia picha mpya, dirisha moja safi. Nikamuuliza safu ya GDI inasema ngapi. Akaniandikia 43. Nikamwambia asubiri saa moja aniambie tena.

Saa tano kasoro akajibu: 43.