Unataka Hisabati na Fizikia Chuo Kikuu? Hifadhi Kwanza

Juzi baada ya sala ya isha nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Wete, Pemba. Kamaliza Fomu Siksi, kasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo yake mazuri kuliko yangu ya wakati ule, na anataka kuomba digrii ya sayansi na ualimu, hisabati na fizikia. "Kaka, shikamoo. Nyumbani wananambia niombe uhasibu au kompyuta, ati hesabu tupu hazina kazi. Mie naipenda fizikia. Nifanyeje? Na ni kweli watu wanadisko sana mwaka wa kwanza? Na wasichana mlikuwa nao darasani?"

Nilimjibu maneno mawili matatu, lakini usingizi haukuja. Maswali haya nayapata kila msimu wa udahili, na najua wengi mnaonisoma mmo humo humo: hesabu mnaipenda, PCM zenu mnazo, na jamaa wanakuvunjeni moyo. Basi leo naandika kwa urefu.

Tuanze na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Ndiyo, ni kweli. Tena wanaodisko si wale mnaowadhania. Nilikaa chumba kimoja na kijana aliyekuwa na A ya hesabu, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyepata kumuona, na mwaka wa pili hatukuwa naye. Skuli tunafundishwa kukimbia. Unapewa pasti pepa za miaka na miaka, unaijua kanuni, unatia namba, unatoa jibu, unahamia swali la pili. Huo ulikuwa mchezo wangu na nikiuweza khasa. Mwalimu akinipa swali ubaoni kwa ajili ya kuwaonesha wengine.

Nikaingia chuo (sikitaji jina, wala sisemi kama kiko Unguja au Bara). Testi ya kwanza ya uchanganuzi, lile somo ambalo wenyewe wanaliita riali analisisi, swali lilikuwa mstari mmoja: thibitisha kwamba mfuatano 1/n (yaani 1, 1/2, 1/3, na kuendelea) unakaribia sifuri. Nikacheka kimoyomoyo. Nikaandika kwamba n ikiwa kubwa sana, moja ukiigawa kwa namba kubwa sana inabaki sifuri. Nikapiga mstari chini, nikaenda mbele.

Mhadhiri aliporudisha karatasi, yangu aliishika. Akaisoma kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, na jina langu juu yake, kisha akauliza, "Huyu katoka wapi?" Mtu wa nyuma akamjibu: Pemba. Ukumbi ukaangua kicheko.

Miaka imepita. Nimemaliza kwa daraja la pili la juu, somo lile lile nimekuja kupata A, wanafunzi wangu mwenyewe sasa wako vyuoni, na kicheko kile bado nakisikia. Sikukosa adabu, sikuiba mtihani. Nilijibu kama nilivyofundishwa, kama walivyojibu nusu ya waliokuwa wakinicheka. Mwalimu anayesoma haya, nakuomba: karatasi ya mtoto wa watu irudishe mkononi mwake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye faida. Usiku ule nilifungua madesa, zile nukuu za darasani, nikaitazama fasili ya kikomo, yaani ile namba ambayo mfuatano unaikaribia, nikaona siielewi hata kidogo. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri toka utotoni: nikaihifadhi. Sisi sote tumepitia chuo cha Kur-ani. Tumekaa juu ya mkeka tukaishika Juzuu Amma neno kwa neno kabla ya kujua maana ya hata aya moja, na ukiruka herufi maalim anakurudisha mwanzo. Nikajirudisha mwanzo vivyo hivyo. Fasili yenyewe ni hii, na wewe unayekwenda chuo anza nayo leo:

Mfuatano a(n) unakaribia L ikiwa, kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo namba N ambayo kila n ikiipita N, umbali baina ya a(n) na L unakuwa mdogo kuliko epsiloni.

Epsiloni ni jina tu la namba, na kwa kawaida huwa ndogo sana. Isome fasili kwa sauti. Funga daftari, iseme. Utasema "ipo N, kwa kila epsiloni", utadhani umesema kile kile. Hukusema. Ukitanguliza "ipo N", umedai kwamba N moja inatosha kwa epsiloni zote, hata ndogo namna gani, na hilo haliwezekani mpaka mfuatano ufike mahali usimame palepale kwenye L usitoke tena. 1/n haifiki sifuri abadan. Kwa hiyo kwa kugeuza maneno mawili umeitoa 1/n katika hesabu kabisa. Mie jambo hili sikulifahamu kwa kuelezwa. Nililifahamu kwa sababu nilikuwa nimelihifadhi kwa mpangilio wake, na siku moja nikiwa kwenye daladala nikajiuliza kwa nini kila nikikosea nakosea mahali pale pale.

Baada ya hapo uthibitisho ni mwepesi. Epsiloni unapewa, huichagui wewe. Wewe chagua N iliyo kubwa kuliko 1 ukiigawa kwa epsiloni. Basi n yoyote iliyoipita N, 1/n ni ndogo kuliko 1/N, na 1/N ni ndogo kuliko epsiloni. Kwisha. Hilo ndilo jibu lililokosekana kwenye karatasi niliyochekewa.

Najua mtasema kukariri ni vibaya, kila semina tunaambiwa tuelewe tusikariri. Waliosema hivyo wanazungumzia kukariri majibu. Fasili ni kitu kingine. Newton alikuwa akiitumia kalkulasi, hesabu inayosimama juu ya kikomo, karne ya 17, na maneno haya ya kikomo hayakupata kunyooka mpaka karne ya 19, kwa kazi ya Cauchy na baada yake Weierstrass. Watu wenye vichwa vyao wamekaa zaidi ya miaka mia bila ya kuyasema sawasawa. Wewe unataka uyaelewe wiki ya pili ya semista ya kwanza, tena bila ya kuyahifadhi? Hifadhi kwanza. Maana itakukuta njiani.

Mwaka wa pili niupite tu. Aljebra ya mstari, milinganyo ya kidiferensha, bumu (pesa za mkopo) kuchelewa, wali na maharage. Hakuna la kusimulia.

Fizikia ina mitihani yake, na mkubwa wake ni maabara. Kule ndiko nilikojua kwamba uaminifu una gharama. Tulipewa pendulamu: uzi, kijiwe, saa. Unapima urefu L na muda wa mpigo T, unatafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia, kwa 4π²L/T². Mie nikapata 9.77. Mwenzangu wa meza ya pili alipata vitu vya ajabu, akavifuta, akaanza na jibu la kitabuni, 9.81, akarudi nyuma kuzipika namba. Yeye akapata alama zote. Yangu ikatiwa mkasi, na pembeni pakaandikwa "si sahihi".

Sasa fungua kitabu kizuri uone. 9.81 ni g ya Ulaya. Dunia inazunguka na imefutuka katikati, kwa hiyo kwenye ncha zake g inakaribia 9.83 na kwenye ikweta ni 9.78. Sisi tupo nyuzi tano, sita kusini ya ikweta. Unguja, Pemba, hata Dar, g ya usawa wa bahari ni 9.78. Nisijivune kupita kiasi: kwa uzi na saa ya mkononi, kosa la kipimo linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti hiyo, na 9.77 yangu ingeweza kuwa bahati. Lakini yule aliyeandika 9.81 kamili hakupima kitu. Usipike namba. Andika ulichopata, andika na kosa lako ni kiasi gani, na ukionewa, jadili kwa adabu huku kitabu unacho mkononi. Mie sikujadili. Nilinyamaza, na mpaka leo najuta kunyamaza.

Kumbukeni Erasto Mpemba (jina tu, hakuwa wa kwetu). Mwaka 1963, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yameganda kabla ya yaliyopoa. Akauliza, akachekwa na mwalimu na wenzake. Akaendelea kuuliza mpaka akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea skuli yao, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la fizikia. Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu jambo lile, na jina lake liko vitabuni.

Sasa hili la "hesabu tupu hazina kazi". Mie nilikuwa na ami yangu, mvuvi wa Tumbe. Kila likizo nikirudi ananingojea barazani na kikombe chake cha kahawa. "Haya msomi. Jua kubwa, mwezi mdogo. Mbona maji ya bahari yanamfuata mwezi?" Likizo ya kwanza sikuwa na jibu, na baraza ikafurahi sana. "Fizikia gani hiyo isiyojua maji?" Wazee wetu wanaijua bahari vizuri: wanajua maji ya kesho yatajaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko ya leo, wanajua bamvua, yale maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba baina yake kuna maji mafu. Mie msomi nikakaa kimya.

Likizo iliyofuata nilikwenda na hesabu. Tungamo la jua ni kama mara milioni 27 ya mwezi, na liko mbali kama mara 390. Mvuto hupungua kwa mraba wa umbali. Gawa milioni 27 kwa 390 mara 390, utaona jua linaivuta dunia yote kwa nguvu zaidi ya mara 170 kuliko mwezi. Mpaka hapo ami yuko sawa, maji yalikuwa yalifuate jua. Lakini kinachojaza maji ni tofauti: upande wa dunia ulio karibu unavutwa zaidi ya kitovu, na upande wa mbali unavutwa kidogo kuliko kitovu. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku. Na tofauti hiyo unaipata kwa kuidiferenshieti (kutafuta inavyobadilika) 1 juu ya r mraba, r ikiwa ni umbali, na jibu lake lina r kipeo cha tatu chini yake. Sasa gawa milioni 27 kwa 390 mara 390 mara 390. Inatoka chini kidogo ya nusu. Mwezi unashinda.

Sikumtajia kudiferenshieti, nilimwambia kwa mifano ya kamba na dau. Akanyamaza, akanywa kahawa yake, kisha akasema, "Basi bamvua ni siku wanazovuta pamoja." Wallahi hilo sikuwa nimemwambia. Kalitoa mwenyewe. Toka siku ile hajaniuliza tena kazi ya fizikia.

Nasema haya kwa sababu wengi wenu mnasoma hesabu upande huu na fizikia upande ule kama watu wasiojuana. Ukijifunza kitu cha kalkulasi, usilale mpaka umekitafutia kazi yake kwenye fizikia. Ukifika kwenye kanuni ya fizikia, uliza imetoka kwenye fasili gani. Na fasili uwe umeihifadhi. Nimeshasema, narudia: uwe umeihifadhi. Kisha mueleze mtu, kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini usipoweza kumueleza ami yako, bado hujajua.

Kazi zipo. Skuli zetu zinalia walimu wa hisabati na fizikia, hilo halihitaji utafiti. Anayetaka kwenda mbele, AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina vituo nchi kadhaa pamoja na Rwanda, inasomesha shahada ya uzamili kwa ufadhili. Trieste, Italia, kuna ICTP, kituo alichokiasisi Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia na wanahisabati wa nchi kama zetu, na wana diploma ya mwaka mmoja. Hata wanaosema soma kompyuta, pale Bweleo, Unguja, tangu 2023 kuna kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, inayofundisha sayansi ya data na akili mnemba. Muulize yeyote anayesoma pale anachosoma mwaka wa kwanza: aljebra ya mstari, kalkulasi, uwezekano. Utazikimbia hesabu uende wapi?

Kwa hiyo mdogo wangu wa Wete, jaza hisabati na fizikia chaguo la kwanza. Fomu ya mkopo ijaze mapema, vyeti vyako vitoe nakala kabla foleni hazijaanza. Kabla ya kupanda boti, ihifadhi ile fasili.

Na wasichana, ndiyo, tulikuwa nao, wachache. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu alikuwa mmoja wao, wa Unguja, mwenye kukaa safu ya mbele na kuuliza mpaka mhadhiri anachoka. Siku ile ya kicheko ndiye pekee aliyegeuka nyuma akawaambia wanyamaze. Sasa anafundisha. Ukitaka kuzungumza naye niandikie, nitamuomba ruhusa kwanza, kisha nitakupa namba yake.