Kabla ya kuuliza nani anaongoza kwa madini, uliza kilichopimwa

Nimefuatilia takwimu za uzalishaji wa madini duniani kwa miaka mingi, na anayeniuliza aanzie wapi humwambia asikimbilie orodha ya vinara. Asome kwanza maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali. Ripoti moja huhesabu lithiamu tupu, nyingine huhesabu kabonati ya lithiamu, yaani kampaundi yenye lithiamu ndani yake, na tani 1 ya lithiamu ni sawa na takriban tani 5.3 za kabonati hiyo. Asiyesoma maelezo atadhani uzalishaji umeongezeka mara tano.

Kisha tenganisha kuchimba na kusafisha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini sehemu kubwa husafishwa China. Indonesia ilipopiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi mnamo Januari 2020, ilikuwa inavutia viwanda vya kuyeyushia, na sasa zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani hutoka huko. Mimi huweka jedwali la migodi na la viwanda ubavu kwa ubavu. Mikataba ya nchi hujadiliwa kwa takwimu hizi, na inaniuma kuona mwananchi akionyeshwa jedwali moja tu.

Jambo ambalo wengi hulipita ni madini yanayotoka kwa mgongo wa mengine. Kobalti nyingi hupatikana pamoja na shaba au nikeli. Bei yake ikianguka mgodi hausimami, maana kinachoulipa hasa ni shaba. Ndiyo maana kobalti iliendelea kufurika sokoni bei ikiwa chini, mpaka Kongo ikasitisha kuisafirisha nje Februari 2025. Galiamu nayo, metali ya kutengenezea chipu za elektroniki, hupatikana viwanda vinaposindika boksiti kwa ajili ya alumini. Huwezi kuongeza galiamu kwa kufungua tu mgodi wake. Kwa hiyo ukisoma utabiri wa madini yoyote, tafuta kwanza yanabebwa na yapi.

Akiba, yaani madini yaliyo ardhini yanayoweza kuchimbwa kwa faida, si uzalishaji. Hupanda na kushuka pamoja na bei.

Mwisho, takwimu za mwaka uliopita huwa ni makadirio. USGS, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa jiolojia, hutoa muhtasari wake wa madini kila mwanzo wa mwaka, bila malipo, na toleo linalofuata hurekebisha tarakimu za nyuma. Pakua matoleo mawili yanayofuatana, ulinganishe mwaka uleule katika yote mawili, kisha utumie tarakimu ya toleo jipya.