Kingo za karatasi zinaungua kwenye leza, nipulizie spiriti?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nasoma dizaini, projekti yangu ni kivuli cha taa chenye nakshi. Karatasi natengeneza mwenyewe kwa mkono kutokana na vitambaa vya pamba, halafu nakata kwa leza. Kingo zinatoka kahawia, kwenye kona ndo nyeusi kabisa. Nimeshusha pawa na spidi zote mbili ili iende taratibu lakini naona inazidi. Kuna video inasema nipulizie maji yenye spiriti kabla ya kukata, inasaidia?

JIBU: Marahaba. Spiriti hapana, tena hapana kubwa. Unachukua kitu kinachowaka unakipaka kwenye kitu kinachowaka halafu unakiweka chini ya mwale unaokata kwa kuunguza, sasa hapo unategemea nini? Hata maji matupu hayafai, karatasi ya mkono ikilowa inavimba na kujikunja, ikijikunja fokasi imepotea, mwale unakuwa mpana na unaunguza eneo kubwa zaidi.

Lakini kinachonichosha kuliko spiriti ni hiyo "taratibu". Naikuta kila mahali, mtu anaona kingo zimeungua anashusha spidi, zinaungua zaidi, anashusha tena. Mnadhani leza ikienda polepole inakuwa mpole. Piga hesabu mwenyewe: wati 10 kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde, kila milimita ya mstari inapokea jouli 1. Wati 40 kwa milimita 100 kwa sekunde, kila milimita inapokea jouli 0.4. Pawa ni mara nne lakini karatasi imepokea joto chini ya nusu. Na si kiasi tu, kuna na muda, manake mwale ukikawia sehemu moja joto linapata nafasi ya kutambaa pembeni, ukipita haraka nyuzi za kwenye mstari zinageuka mvuke kabla za jirani hazijapata habari. Kwa hiyo panda spidi kwanza, kisha ongeza pawa kidogokidogo mpaka ikate tu, usizidishe hapo.

Kona nyeusi ni hadithi nyingine. Mashine ikifika kwenye kona inapunguza mwendo ili igeuke, pawa isipopungua pamoja nayo inachoma pale pale. Programu nyingi zina pawa ya juu na pawa ya chini, ya chini ndo ya pale mwendo unapopungua, watu wanajaza namba moja kote kote, shusha hiyo ya chini. Na kagua faili lako, mara nyingi mstari umenakiliwa juu ya mwenzake bila mwenye faili kujua, leza inapita mara mbili halafu lawama zinaenda kwa mashine.

Chukua na ufutio mkavu msafi usugue ile kahawia. Ikitoka, huo ni moshi uliotua, tatizo ni hewa: fungulia hewa ya kwenye nozeli, ule mdomo mwale unakotokea, hakikisha feni ya kutoa moshi inavuta, na bana karatasi kwa sumaku isipeperuke. Isipotoka, hapo umeunguza kweli na hakuna dawa ya kuirudisha, wala usiguse klorini ya kufulia, inakula nyuzi. Ukiona alama upande wa chini tu, ni mwale unaorudi kutoka kwenye meza ya chuma, inua karatasi kidogo.

Karatasi yako sasa. Ishike mbele ya dirisha, utaona mawingu, sehemu nzito na sehemu nyepesi. Setingi inayokata sehemu nzito inaunguza nyepesi, na hilo huwezi kulimaliza kwenye kompyuta, unalimaliza mwanzoni: sambaza rojo la nyuzi sawasawa, kandamiza vizuri ikiwa bado mbichi, ikaushe kabisa chini ya uzito ibaki bapa. Karatasi yenye mawingu mengi itumie kwa vipande visivyo na nakshi. Kisha jaribu kwenye kipande cha karatasi ile ile, vimraba vya milimita 10, kila kimoja na spidi na pawa yake, andika namba kwa penseli pembeni.

Ndo maana wale wanaouza "setingi za karatasi" mtandaoni siwaelewi kabisa. Setingi ya mashine gani? Tyubu inayotoa mwale imechoka kiasi gani, lenzi ni safi au imejaa masizi, karatasi ina unene gani? Namba za mtu mwingine ni pa kuanzia tu, anayekuambia zinamaliza kazi anataka hela yako.

Na hao hao ndo wanawaambia watu wakate chochote chenye sura ya karatasi. Karatasi za kung'aa, stika, kadi zenye ngozi ya plastiki juu, nyingine zina PVC, yaani plastiki yenye klorini, na PVC ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, inaunguza mapafu na kutia kutu reli za mashine. Kama hujui plastiki ni ya aina gani, toka nje penye hewa, pasha waya mtupu wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye kipande hicho, rudisha waya kwenye moto. Ukiona mwali wa kijani, chukulia kuna klorini, na hiyo haiingii kwenye leza hata kipande cha majaribio.