Cheti cha shea cha babu cha 1988, na KCB ni ya nani hasa

SWALI: Asalaam aleikum ami. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Babu yetu amefariki na ndani ya kasha lake tumekuta karatasi ya shea imeandikwa Kenya Commercial Bank Limited, ya mwaka 1988. Hapa barazani mmoja asema hio benki ni ya serikali, mwengine asema ni ya Wahindi tangu zamani, na kuna aloapa kabisa ati imeuzwa kwa Wanaijeria. Sasa hii karatasi ina maana ama tufungie mahamri?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu babu. Mahamri tafuteni gazeti, hio karatasi wekeni.

Hao wazee wa baraza kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli. Wa Wahindi asema hivyo kwa sababu mzazi wa KCB aliitwa National Bank of India, alofungua tawi Mombasa mwaka 1896, mwaka ule ule reli ya Uganda inaanza kujengwa, na pesa ya huku ilikuwa rupia (ilitumika mpaka 1920). Lakini jina lisikudanganye, ile benki ilianzia Calcutta 1863 na baada ya miaka mitatu tu makao makuu yakahamia London, yani ilikuwa kampuni ya Waingereza ya kuhudumia biashara ya Bahari ya Hindi. Nairobi ilifika 1904, sisi wa Pwani tuliwatangulia miaka minane hahaha. 1958 ikaungana na benki nyengine ya Grindlays ikawa National and Grindlays.

Wa serikali naye hajakosa, ila habari yake ni ya zamani. 1970 serikali ya Kenya ilichukua asilimia 60 na ndo jina Kenya Commercial Bank likazaliwa, kisha miaka michache baadae ikanunua zilobaki zote. Halafu 1988 ikauzia wananchi asilimia 20 kupitia soko la hisa la Nairobi, na hapo ndo babu yako alipoingia, na walimu na makarani na wafanyabiashara wengi tu wa enzi zake.

Tangu hapo fungu la serikali limekuwa likipungua, na si kwa kuuza peke yake. Benki ikitaka mtaji huwaambia wenye shea leteni pesa tuwape shea mpya, kila mtu kwa kadiri ya alizonazo. Asotoa, shea zake hazipungui hata moja, ila keki imekuwa kubwa na kipande chake ni kile kile. KCB ilifanya hivyo 2004, 2008 na 2010. Leo Hazina ya serikali ina karibu asilimia 20, ndo mwenye fungu kubwa zaidi, NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi) nayo ina fungu lake la maana, zilobaki zimetawanyika kwa makampuni na watu binafsi kama babu.

Wa Wanaijeria amechanganya mabenki. Ilouzwa ni National Bank of Kenya, benki nyengine kabisa ya 1968, KCB iliinunua 2019 ikaja kuiuza kwa Access Bank ya Nigeria 2025. KCB yenyewe haikuuzwa.

Sasa cheti. Jina la Kenya Commercial Bank Limited lisiwatie wasiwasi, kampuni ni ile ile, siku hizi yaitwa KCB Group. Tangu 2016 Group ndo mama, na benki mnayoingia kutoa pesa ni mtoto wake, yuko na ndugu Uganda, Tanzania, Rwanda mpaka Kongo. Kwa hivyo shea ya babu iko juu kwa mama. Tena 2007 kila shea moja ilikatwa ikawa kumi, kwa hio kama karatasi imeandikwa 300 basi hesabuni 3,000, isipokuwa kama aliuza baadhi akiwa hai, na hilo msajili wa hisa wa KCB ndo mwenye daftari.

Nendeni kwa Kadhi hapo Lamu mpate hati ya mirathi, kisha mpelekeeni msajili pamoja na cheti cha kifo, na kila mrithi afungue akaunti ya CDS (ya kuweka shea kwa kompyuta badala ya karatasi) kwa broka maana shea za karatasi haziuziki sokoni siku hizi. Gawio, yani faida wanayogawiwa wenye shea, la miaka yote ambalo halikuchukuliwa, baada ya miaka 3 hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA, halipotei, mtalidai huko kwa fomu yao. Mambo ya riba kwenye gawio muulizeni shekhe, mimi ni mtu wa hesabu tu hapa Malindi.

Na tafadhali karatasi msiipeleke kulaminetiwa, kuna familia ilifanya hivyo kwa nia njema na msajili akaikataa, wakazunguka karibu mwaka mzima.