Kupima kama kituo cha afya kinawafikia wanyonge

Ndugu, umeuliza kamati yenu ya kituo cha afya huko Bahi, mkoani Dodoma, itajuaje iwapo wafugaji, wazee na kaya maskini wanahudumiwa ipasavyo, ilhali ripoti za kila mwezi zinaonyesha wagonjwa wanaongezeka. Kwa maoni yangu ongezeko hilo halijibu swali lenu, kwa sababu rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya, humhesabu aliyefika tu. Aliyekosa nauli haandikwi popote.

Anzeni na rejesta ya kliniki ya wajawazito. Hesabuni, kitongoji kwa kitongoji, waliohudhuria kwa mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12, kisha mlinganishe na daftari la kaya la mwenyekiti wa kitongoji. Pale penye kaya nyingi na majina machache ndipo pa kutembelewa, mkiongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezungumza Kigogo, maana bibi wa miaka 70 hatamweleza mgeni kwa urahisi kwamba alitozwa fedha, wakati sera inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Muulizeni pia kama alipewa dawa zote au alielekezwa duka la dawa, kwani msamaha usio na dawa ni wa karatasi tu.

Madodoso ya kuridhika yanayojazwa kwenye benchi la kusubiria msiyategemee sana. Nani atamsema muuguzi aliye mbele yake? Zoezi lenyewe mlifanye kiangazi, kisha mlirudie mwezi Februari, makorongo yanapojaa na njia za vitongojini kukatika.