Maswali na majibu: %d, %f na ndugu zao katika lugha ya C

Nimeandika printf("%d", 3.5) nikapata namba ya ajabu, na kila nikiendesha programu inabadilika. Kompyuta yangu ina kasoro?

Kompyuta ni nzima. printf, kitendakazi cha kuchapisha, haijui umeipa nini; husoma tu alama uliyoandika, kama %d, na kuiamini. Ukiandika %d, inakwenda kuchukua namba kamili pale namba kamili zinapowekwa. Kwenye Linux ya x86-64, namba za desimali hupita kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zake peke yake, kwa hiyo printf inaokota chochote ilichokikuta kwenye rejista nyingine. Andika %f. Halafu uwashe -Wall, chaguo la kuonyesha maonyo, kwenye gcc au clang, kompaila ikuonye mapema. Sioni kwa nini mtu aandike C bila hiyo.

Mwalimu, mbona printf inakubali %f kwa double, lakini scanf inanidai %lf?

Swali zuri, na wengi hukariri jibu bila kujua sababu. printf hupokea thamani. Kanuni ya C ni kwamba float (desimali ya kawaida ya baiti 4) ikipitishwa kwa kitendakazi cha aina hii, chenye hoja zisizo na idadi maalumu, hugeuzwa kwanza kuwa double (ya baiti 8). Kwa hiyo float haifiki kwa printf hata siku moja, na %f inatosha. scanf, inayosoma anachoandika mtumiaji, hupokea anwani ya kumbukumbu, na anwani pekee haisemi hapo pana nafasi ya baiti 4 au 8. Ukiipa %f pamoja na anwani ya double, kwa kawaida itaandika baiti 4 tu, na zilizobaki zitakaa na takataka zake. Tangu C99, toleo la C la mwaka 1999, printf nayo inaruhusu %lf. Anayependa pande zote zifanane aitumie.

Jibu la sizeof nilichapishe kwa %d, %ld au %lu?

Hakuna hata moja. sizeof hupima ukubwa kwa baiti na jibu lake ni la aina iitwayo size_t; alama yake ni %zu, iliyokuja na C99. %lu itakuridhisha kwenye Linux ya biti 64, kisha ikuangushe kwenye Windows ya biti 64, ambako long ina biti 32 na size_t ina 64. Kwa int64_t, namba kamili ya biti 64, tumia "%" PRId64 kutoka <inttypes.h>. Inaudhi macho, lakini inafanya kazi kote.

%.2f inanionyesha 2.67 badala ya 2.68 ninapochapisha 2.675.

Namba 2.675 haiwezi kuhifadhiwa kamili kwa mfumo wa jozi. Iliyomo ndani ni 2.67499999… na printf imeikadiria sawasawa. Kama ni hesabu za fedha, tunza senti kwa namba kamili.

Kuna tofauti kati ya %i na %d?

Kwenye printf, hamna. Kwenye scanf ipo: %i ikisoma 010 inapata 8, na 0x10 inapata 16. Tumia %d.

Kuna ubaya kuandika printf(jina) bila "%s"?

Upo, tena mkubwa, ikiwa jina limeandikwa na mtumiaji. Akiingiza %x kadhaa ataona vipande vya kumbukumbu asivyopaswa kuviona. Akiingiza %n, printf huenda ikaandika kwenye kumbukumbu kwa amri yake. Wadukuzi wameutumia mlango huu kwa miaka mingi. Andika printf("%s", jina), hata kama una hakika jina ni salama.

Na alama ya asilimia yenyewe?

Iandike mara mbili: %%.